Kaka Yetu wa Chumba cha Nyuma ya Cherehani

Mchungaji, wifi yangu, wanangu wawili mlioachwa na baba, ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na kaka yangu, nimepewa na familia nafasi ya kusoma historia yake, lakini kabla sijaanza naomba niseme kosa langu, kwa sababu nisipolitoa litanikaba katikati ya kusoma na nitawaaibisha. Siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba, kaka akiwa tayari yuko mochwari, nilikwenda asubuhi kwenye chumba chetu cha kazi kuchukua mapazia ya kufunika madirisha ya nyumbani, na nikiwa juu ya kigoda akaja mtu mlangoni, mtu wa kaka, amefika kwa saa yake kama kila wiki, akaniuliza, "Yupo?" Nami nikamjibu, "Amesafiri." Akasimama. Akasema, "Mbona hakuniambia?" Nikasema, "Ni safari ya ghafla, ameitwa." Yule mtu akasema, "Hata yeye," basi, maneno mawili tu, akageuka akaenda zake, na mimi nikaendelea kufungua pazia.

Sitasema kama alikuwa mwanamume au mwanamke, wala kijana wala mzee, na jina lake silijui, maana kaka alinikataza kuuliza majina ya watu wake tangu siku tuliyoanza kazi pamoja, nami nilitii. Kwa hiyo siwezi kwenda kumtafuta. Tangu siku hiyo sijamwona, na nalala naamka na yale maneno mawili, kwa sababu wote mliopo hapa mnajua kwamba kaka yangu amekufa, lakini yule mtu hajui hivyo, yeye anajua ameachwa. Nimeshatubu mbele za Mungu. Sasa nasoma, na mkisikiliza mtaelewa kwa nini uongo mdogo kama huo umenivunja miguu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1964, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa fundi wa mashine ya kusaga na mama aliyefua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na mashine yenyewe, kiasi kwamba vikombe vilitetemeka rafuni mchana kutwa, na sisi watoto tukazoea kusemezana kwa kupaza sauti kama tunagombana, isipokuwa yeye, ambaye alingoja mashine izimwe ndipo aseme lake, na mara nyingi ilipozimwa alikuwa ameshaghairi. Mama akamwita Kimya, na jina hilo likamganda, na hata leo wapo walioingia hapa wakiuliza, "Msiba wa Kimya ndio huu?" wasimjue kwa jina lingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 akamaliza 1978, akaendelea na sekondari, na akiwa huko, mwezi wa tano mwaka 1980, baba yetu alikamatwa shati na mkanda wa mashine akafariki siku ile ile. Hapo kuna jambo ambalo familia yetu haijawahi kulitamka hadharani, na wifi amenipa ruhusa nilitamke. Siku ya kumzika baba, jeneza lilipokuwa linashuka, Kimya alicheka, tena si tabasamu, alicheka kicheko cha sauti mbele ya watu wote, akajiziba mdomo kwa mikono miwili na kicheko kikaendelea kutoka, na baba yetu mdogo akamvuta sikio hadi nje ya umati akamzaba makofi, akisema, "Mwana laana wewe, baba yako ndiye unayemcheka?" Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakujitetea, wala hakulizungumzia tena, na sisi tukaamua kwamba moyo wake ni mgumu, tukakaa na uamuzi huo miaka ishirini, hadi jioni moja akiwa kwangu anamenya chungwa akaniambia, bila kuulizwa, kwamba siku ile kilio kilikuwa kikubwa kuliko mlango, ndiyo maana kikatokea dirishani.

Baada ya sekondari alisomea uuguzi kuanzia mwaka 1985 hadi 1988, na mwezi wa pili mwaka 1989 akaajiriwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, wodi ya wanaume, ambako kazi yake ilikuwa kuogesha, kunyoa, kugawa vidonge kwenye vikombe vidogo vya plastiki na kuhakikisha kila mmoja amemeza, na kufunga milango kwa funguo alizozivaa kiunoni, hata akitembea nyumbani tulikuwa tunasikia mlio wake kabla hajafika. Katika wodi hiyo alikuwepo mtu mmoja, sasa ni marehemu naye, aliyekuwa akipona anarudi kwao, anakaa vizuri miezi mingi, kisha kila mwezi wa saba analetwa amefungwa kamba. Daktari alimwongezea dawa, na dawa zilimtuliza kweli, lakini mwezi wa saba uliofuata alirudi. Kaka akamwuliza, akiwa anamnyoa ndevu, "Mzee, mwezi wa saba una nini na wewe?" na yule mzee akasema hauna kitu, kisha wembe ukiwa bado shavuni akasema kwamba mwanawe alizama mtoni mwezi wa saba, na yeye ndiye aliyekuwa amemtuma kuteka maji. Kumbe alikuwa hajawahi kumwambia mtu, na mwenyewe aliapa kwamba hakuwahi kuunganisha hayo mawili. Kaka alirudi nyumbani siku hiyo akakataa chakula, akasema kwamba yule mzee hakuwa anaificha siri, siri ndiyo iliyokuwa imemficha yeye.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na wifi yetu, mwalimu wa hesabu, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1996 na kijana wa mwaka 2003, na katika ndoa hiyo sikuwahi kusikia ugomvi mkubwa, ila ule wa mwaka wa kwanza aliporudi kutoka masomoni, pale wifi alipokuwa akimwuliza jambo lolote, hata kama chumvi imekolea, anajibu, "Wewe unaonaje?" mpaka wifi akaweka mwiko mezani akamwambia, "Huko kwa wagonjwa wako waulize wanaonaje, hapa mimi ni mkeo, nijibu, imekolea au haijakolea?" Kaka akasema imezidi kidogo, wifi akanuna siku mbili, na ugomvi ukaishia hapo.

Masomo hayo aliyachukua katika chuo kikuu cha mji mwingine kuanzia mwaka 1998 hadi 2001, kwa ajili ya yule mzee wa mwezi wa saba, na aliporudi alikuwa na elimu yenye jina refu ambalo nimeliandika kwenye karatasi nisilikosee, saikodinamiki. Mimi nina elimu ya darasa la saba, naomba wataalamu mnivumilie, nitaisema jinsi alivyonieleza mimi. Alisema kwamba mtu hajijui wote, sehemu anayoijua ni ndogo, na chini yake kuna mambo ya utotoni, hamu, hofu, hasira na mapenzi ya kwanza kwa wazazi, ambayo hayakufa kwa kusahauliwa, yanaendelea kufanya kazi na kutuamulia nani tumpende na nini kitutie hofu. Ndani ya mtu kuna anayetaka, na kuna anayekataza, na kuna wa katikati anayehangaika kuwapatanisha, na mapatano yakishindikana nafsi inajikinga, inakana jambo lililo wazi, au inamtwika mwenzake hasira iliyo yake, au inacheka mahali pa kulia. Tiba yake ni kumpa huyo mtu saa yake, chumba kile kile, mtu yule yule, aseme chochote kinachomjia, hadi yale yasiyo na maneno yapate maneno.

Sasa nitakiri na hili, kwamba nilipoyasikia nilichukizwa. Niliona ni elimu ya kuwafanya watu wamlaumu mama yao, nasi tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama, na kwa mwaka mzima nilimwombea kaka katika kikundi cha akina mama kama mtu aliyepotea, nikimtaja kwa jina, mpaka mke wa mchungaji wa wakati ule akaniuliza, "Kwani kaka yako amefanya nini?" na tangu siku hiyo nikaacha kumtaja. Nilipomwendea kaka mwenyewe na hoja hiyo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba mtu humlaumu mama yake vizuri zaidi akiwa hajui anamlaumu, maana atamlipiza mkewe, atawalipiza watoto, lakini akishajua, mara nyingi mwisho wake ni kumhurumia. Nilikwenda kumtembelea mama wiki ile ile, yeye mwenyewe hakujua kwa nini nilimpelekea khanga.

Hata hospitalini hawakukubaliana naye wote, na wenzake waliopo hapa watanisahihisha. Yupo daktari wake mkuu, ambaye kaka alimwita Baba Vidonge, aliyeamini kwamba ubongo ni kiungo kama ini, ukiugua utibiwe kwa dawa, na yupo mtaalamu kijana tuliyemzoea kwa jina la Binti wa Mazoezi, anayefundisha watu kuzikamata fikra zao za uongo na kuzipinga, na kulisogelea wanaloliogopa kidogo kidogo hadi woga uishe, na watatu hao walikuwa wakibishana katika chumba chao cha chai hadi chai inapoa. Mara moja nilipeleka makoti ya wauguzi niliyoyashona nikawakuta. Baba Vidonge alikuwa anasema, "Miaka mitatu mtu anakusimulia utoto wake, mimi ndani ya wiki sita nimempa usingizi." Binti akasema, "Na mimi ndani ya miezi mitatu amepanda lifti. Mzee Kimya, elimu yako utaipimaje? Onyesha namba." Kaka akasema, "Namba zangu ni chache, nakiri, na yule mzee wa kwanza aliyeianzisha alikosea mengi, juu ya wanawake alikosea vibaya sana." Binti akasema, "Sasa si uhame?" Kaka akanywa chai yake akasema, "Huyo wa lifti amepanda, nashukuru. Lakini amekuja kwangu kuniuliza kwa nini kila mwanamke anayempata ni wa kumdharau kama alivyodharauliwa kwao. Hilo ulimpa zoezi gani?" Wakacheka wote, na Baba Vidonge akaomba sukari.

Nasema hayo ili msidhani kaka aliiona elimu yake kuwa ndiyo pekee, maana aliyesikia sauti au kuona visivyokuwepo alimpeleka kwa Baba Vidonge siku hiyo hiyo, wala hakuthubutu kumketisha kusimulia utoto, na mwenye hofu ya mbwa au ya kuvuka daraja alimpa Binti, na wapo aliowaambia wanachohitaji ni kazi na kulala mapema, yeye akabaki na wale ambao huzuni yao inajirudia kama wimbo, wanabadilisha mji, mke, kazi, na jambo linawakuta lile lile. Alikuwa akisema nyumba ni moja, wenzangu wanatengeneza paa na milango, mimi nipo msingini, na si kila nyumba inayovuja ina tatizo la msingi.

Mwaka 2009, mwezi wa tisa, tulipanga pamoja vyumba viwili vilivyofuatana, cha mbele nikaweka cherehani yangu, meza ya kukatia na kioo, cha nyuma akaweka viti viwili, saa ya ukutani na boksi la leso za karatasi, na hapa naeleza jambo ambalo mtaa haukulijua, kwa ruhusa ya wifi na ya Binti wa Mazoezi. Watu waliona aibu kuonekana wanaingia kwa mtaalamu wa akili, basi kaka akapanga kwamba wapite kwangu, kila mmoja na mfuko wake wa nguo, kama anakuja kushonewa. Wamo waliobeba suruali ile ile mwaka mzima, na majirani wakaanza kusema fundi huyu hajui kupunguza kiuno, biashara yangu ikatetereka, nikavumilia. Na msianze kutazamana, maana wengi mlikuja kushonewa kweli, na hata mimi nilichanganya, kuna aliyekuja kwa kaka nikampima mabega hadi nikamwandikia bei, na kuna mama aliyetaka kupandisha pindo la sketi nikamwonyesha mlango wa nyuma, akaingia, akakaa saa nzima, akatoka macho mekundu akinishukuru, na wiki iliyofuata akarudi bila sketi.

Nilikuwa nikifungua redio ili nisisikie, lakini kuna siku nilisikia mtu anamfokea kaka kwa ngurumo, "Umenichelewesha dakika mbili, wewe ni wale wale, unaniona takataka," na kiti kikaanguka, nikavamia na mkasi wa kukatia mkononi nikijua kaka anauawa. Nilimkuta ameketi ametulia, akaniambia, "Fundi, tuko kazini," nikarudi kinyumenyume. Jioni nikamwuliza inakuwaje mtu akutukane hivyo unyamaze, akasema hakutukanwa yeye, yeye alikuwa kiti tu, aliyekalishwa pale ni mtu mwingine wa zamani, na kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, mtu huyo wa zamani aletwe chumbani, safari hii asikimbie, asipige, asiondoke.

Asiondoke. Kwa sababu hiyo kaka hakuwahi kuchukua likizo bila kuwaambia mwezi mzima kabla, kila mmoja, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na akirudi alirudi siku ile aliyosema, hata kama ana mafua. Kuna mwaka wifi alipata nafasi ya kwenda kumwona dada yake kwa wiki moja, kaka akakataa kuondoka kwa sababu taarifa ingekuwa ya siku tisa tu, wifi akamwambia, "Hao watu wamekuoa?" lakini hakubadilika. Aliniambia, "Fundi, watu wangu wengi waliachwa bila kuagwa, walilala wakaamka hakuna mtu. Mimi nikiondoka kimya kimya nitakuwa nimewathibitishia kwamba ndivyo dunia ilivyo, na kwamba kosa ni lao." Mnasikia sasa nilichokifanya Jumanne. Niliyajua hayo. Ila midomo yangu ilikuwa imezoea kumfichia, kila aliyeuliza kaka yako anafanya nini humo ndani nilimjibu anahesabu vitambaa, na asubuhi ile sikuwa na nguvu ya kulitamka neno lile mbele ya mtu mwingine, maana nilikuwa sijalitamka hata mbele yangu mwenyewe, na mtu alipouliza "Yupo?" mwili mzima ulitaka kujibu yupo.

Alistaafu hospitalini tarehe 3 Juni 2024, akawa anakaa chumba cha nyuma asubuhi zote, na kwa macho yetu alikuwa mzima. Kuhusu kuugua, niliandika aya hii mara nyingi na kila mara nimeichana, kwa sababu hakuna ugonjwa wa kusimulia. Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, tulisali naye, alisimama mstari wa mbele yangu, alikuwa anaimba sauti ya tatu na kuikosea kama kawaida yake, akarudi nyumbani, akala, akaketi barazani kupiga rangi viatu vya Jumatatu, kimoja akamaliza, akamwambia wifi kichwa kinamuuma nyuma, na wifi aliporudi na maji alimkuta amelala ubavu na brashi mkononi. Walimfikisha hospitali akiwa anapumua, na saa moja jioni akafariki kwa mshipa uliopasuka kichwani.

Daktari alipotoka kwenye korido tulipokuwa tunasubiri alimwuliza wifi, "Dawa zake za presha aliacha lini?" Wifi akasema, "Dawa gani?" Daktari akafungua kompyuta akasema kwamba mzee huyu alipimwa hapo miaka mitatu iliyopita, presha ikiwa juu sana, akaandikiwa dawa za kila siku na kuelezwa hatari yake, na hakurudi. Ndugu zangu, mpaka leo sijatoka kwenye ile korido. Mtu aliyetumia maisha yake kuwasaidia watu wasikimbie yaliyo ndani yao, muuguzi, aliyegawa vidonge vya wengine na kuhakikisha vimemezwa, alikuwa na yake miaka mitatu, mkewe hajui, mimi ninayeketi naye ukuta mmoja sijui. Nilimwuliza Binti wa Mazoezi, siku ya pili ya msiba, tukiwa tunaosha vikombe, "Mwanangu, yeye si ndiye alikuwa anafundisha habari ya kukana?" Akasema, "Ndiye aliyenifundisha mimi, shangazi. Kulijua neno hakukuzuii kulifanya." Kisha akaacha kikombe akalia, yeye ambaye huwa anatupa mazoezi ya kupumua.

Nakiri nina hasira naye. Nimesimama karibu na jeneza lake na nina hasira, ningeweza kumfokea kama yule mtu wa dakika mbili, na ninaamini angeketi ametulia akaniacha nimalize. Wifi, wanangu, nanyi mkiwa nayo isemeni, msiitafutie dirisha.

Sasa nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea Jumapili ile na waliotueleza ukweli ingawa ulikuwa mchungu, namshukuru Baba Vidonge aliyelala hapa msibani juu ya mkeka tangu Jumatatu bila kumpa mtu yeyote ushauri, nawashukuru wafanyakazi wenzake, walimu wanaofundisha na wifi, majirani mliotuazima viti na sufuria, wanakwaya, na mchungaji wetu. Namshukuru pia Binti, ambaye ameahidi kuketi katika chumba cha nyuma kila siku kwa saa zile zile hadi mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, kuwapokea watu wa kaka, si kuwatibu kwa njia yake, ni ili wakija wamkute mtu, na mlango wangu wa mbele utakuwa wazi, wala hakuna haja ya kubeba mfuko.

Kaka, umewapa watu wengi saa yako, sasa Bwana akupe yake isiyo na mwisho, ukae katika kimya chako kwa raha, viatu vyako nimemalizia kupiga rangi.

Nilipoingia nimeona hapa nyuso nisizozijua, zimekaa nyuma, zinalia peke yao bila ndugu wa kuzishika mkono, nanyi mliokaa jirani nao msiwaulize ni nani wa marehemu. Kama yule mtu wa Jumanne yupo kati yao, basi wewe nisikie: nilikudanganya, hakusafiri, alikuwa amekufa siku mbili, na viatu alivyokuwa anapiga rangi ni vya kuja kazini, Jumanne angekuwepo kwa saa yako, hakukuaga kwa sababu hakujua.

Lakini huenda hayupo, na jina lake silijui, nyumba yake siijui, kwa hiyo nawaomba ninyi wote. Mkitoka hapa, wiki hii nzima, popote mtakapokuwa, dukani, kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki, semeni kwa sauti ya kusikika kwamba yule kaka wa chumba cha nyuma kwa fundi cherehani amekufa, Jumapili, ghafla. Msiseme amesafiri. Semeni amekufa, ili yule mtu asikie.